Fumbo Lisilo na Mfumbiwa

"Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua." Wahenga walipoyasema haya walikuwa wakimsifu mwerevu, lakini ndani ya methali hiyo mna sharti ambalo aghalabu halitajwi. Fumbo haliwi fumbo mpaka awepo aliyelifumba na awepo aliyefumbiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alipotunga mashairi yake ya siasa katika enzi ya Mazrui, mgeni wa mji aliweza kuyasikia kama mchezo wa maneno tu, ilhali mwenyeji alijua mkuki umeelekezwa wapi. Maneno yalikuwa na mwenyewe, na yalikuwa na mlengwa.

Mwishoni mwa karne ya ishirini yalizuka maandishi yaliyolivuruga sharti hilo. Yalikuwa maneno mengi yasiyoungana, yaliyotumwa kwa watu wengi kwa njia ya kompyuta, bila ya kujulikana nani kayatuma wala anamkusudia nani. Watu waliyasoma, wakatatizwa, na baadhi yao wakaamini kwamba chini ya upuuzi ule palikuwa na siri.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Agosti 1996. Katika Usenet, mtandao wa mabaraza ya maandishi uliokuwa umeanza mwaka 1980, zilionekana jumbe zipatazo mamia zenye kichwa kimoja: "Markovian Parallax Denigrate". Kila ujumbe ulikuwa safu ya maneno ya Kiingereza yaliyorundikwa pamoja, majina ya watu, vitenzi na sifa, bila ya sarufi ya kuyafunga wala jambo la kuyakusanya. Hapakuwa na bidhaa iliyouzwa, wala dini iliyohubiriwa, wala mtu aliyetukanwa. Wapo waliosema ni mzaha. Wapo waliosema ni majaribio ya programu inayojifunza kuandika. Wengine walishikilia kwamba ni mawasiliano ya majasusi, kwa hoja kwamba hapana mtu atakayejitaabisha kutuma mamia ya barua pasipo na sababu.

Dhana ya ujasusi ilipata chakula chake miaka minane baadaye. Mwaka 2004 mwanamke mmoja wa Marekani, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari na msaidizi wa wabunge, alikamatwa kwa tuhuma za kuitumikia serikali ya Iraq. Jina lake lilikuwa sawasawa na jina lililokuwamo katika anuani ya mojawapo ya jumbe za 1996. Waliokuwa wakiitafuta siri wakaona wameshika ncha ya uzi. Lakini anuani ile ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa, mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja katika jimbo la Wisconsin, naye hakuwa mwandishi wa maneno yale. Yalikuwa majina mawili yaliyolingana, basi. Mashitaka ya yule wa kwanza yalifutwa mwaka 2009, lakini jina lake likaendelea kutajwa kila fumbo lile linaposimuliwa.

Si haki, hata hivyo, kuwacheka walioshuku. Historia ya maandishi ya siri ni ndefu, na ndani yake mna upuuzi mwingi wa nje uliokuwa na maana ndani. Tena historia hiyo imekaa jirani sana na ushairi. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd la Oman aliyeishi Basra katika karne ya nane, ndiye aliyeiasisi elimu ya arudhi ambayo kwayo mashairi ya Kiarabu hupimwa. Mtu huyohuyo anatajwa kuwa aliandika kitabu juu ya maandishi ya siri, ambacho kimepotea. Inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya siri ya Kiyunani iliyotoka kwa mfalme wa Rumi, akakaa nayo mwezi mzima. Alipoulizwa aliifunguaje, alisema kwamba alianza kwa kukisia: barua ya namna ile haikosi kufunguliwa kwa jina la Mungu. Akazilinganisha herufi za mwanzo na maneno hayo, akapata thamani za baadhi ya alama, na kwa hizo chache akazipata zilizobaki.

Al-Khalil alifanya na jambo jingine linaloihusu habari hii. Katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, alizichukua herufi za mashina na kuzigeuza kwa kila mpangilio unaowezekana, kisha akabainisha mipangilio ipi hutumiwa na Waarabu na ipi imeachwa bila ya maana. Alijua kuwa maneno yenye maana ni sehemu tu ya yale ambayo herufi zinaweza kuyazaa. Karne iliyofuata al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad, aliandika risala iliyoeleza namna ya kuvunja maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi: katika kila lugha zimo herufi zinazorudi mara nyingi na zimo zilizo adimu, na hesabu hiyo humsaliti mwenye kuficha. Kuhesabu maneno kukawa silaha ya msomaji dhidi ya siri. Haikuonekana bado kwamba siku moja kungekuwa pia njia ya kuzalisha upuuzi.

Ulaya nayo ilikuwa na fumbo lake kubwa. Karibu na mwaka 1499 Johannes Trithemius, mkuu wa monasteri ya Sponheim nchini Ujerumani, aliandika kitabu alichokiita Steganographia. Kwa nje kilikuwa kitabu cha kuita mizimu, chenye majina ya ajabu ya roho na majedwali ya namba za sayari. Kilipochapishwa mwaka 1606, miaka mingi baada ya kifo chake, Kanisa Katoliki halikukawia kukipiga marufuku. Sehemu mbili za kwanza zilijulikana mapema kuwa ni mafunzo ya kuandika kwa siri. Sehemu ya tatu ilibaki ikihesabiwa kuwa ni uchawi mtupu hadi miaka ya 1990, pale wataalamu wawili, Thomas Ernst na Jim Reeds, kila mmoja kwa njia yake, walipozifungua namba zile. Ndani hamkuwa na jini. Mlikuwa na mifano ya mazoezi, mmojawapo ukimwonya mpokeaji kwamba aliyeibeba barua hiyo ni mwivi na ajihadhari naye. Kwa muda wa karne nne na zaidi, waliosema kuwa namba zile zina siri walikuwa wakweli.

Na katika Vita vya Pili vya Dunia upuuzi ulisomwa hadharani, katika redio. Kila jioni BBC ilitangaza kutoka London, kwa Kifaransa, jumbe za binafsi ambazo kwa masikio ya wengi zilikuwa sentensi za ndotoni. Kwa wapiganaji wa siri nchini Ufaransa kila moja ilikuwa agizo la kulipua daraja, kupokea silaha au kungoja. Tarehe 1 Juni 1944 ulisomwa kwa sehemu ubeti wa mwanzo wa shairi la Paul Verlaine, "Chanson d'automne". Tarehe 5 Juni jioni ikasomwa sehemu iliyobaki, na alfajiri yake majeshi ya washirika yakatua Normandy. Shairi la huzuni ya vuli, lililotungwa katika karne ya kumi na tisa na mtu asiyejua chochote juu ya vita hivyo, liligeuzwa kuwa amri ya kukata njia za reli. Wapelelezi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha pata habari ya maana yake. Jeshi lao la kumi na tano liliwekwa tayari. Jeshi la saba, lililokuwa Normandy kwenyewe, halikupewa tahadhari.

Mwenye kuyajua haya akifungua barua pepe ya mwaka 2003 na kukuta maneno yasiyoungana, ana sababu ya kusita kabla ya kuyafuta. Miaka hiyo barua taka zilikuwa zimejaa upuuzi. Zilianza zamani bila ya upuuzi wowote. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa Arpanet, na wengi walikasirika. Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani waliyajaza mabaraza ya Usenet kwa tangazo la huduma zao juu ya bahati nasibu ya vibali vya ukaazi. Yalikuwa makelele, lakini makelele yenye kueleweka. Kuanzia 2002 na 2003 barua zikabadilika. Chini ya tangazo la dawa au la mkopo kulifuata orodha ya maneno kama "mjomba", "mvua", "kinanda", "ushahidi". Au aya iliyokatwa katika riwaya kongwe na kuachwa katikati ya sentensi. Nyingine hazikuwa na tangazo kabisa, zilikuwa na upuuzi peke yake.

Sababu yake inajulikana, na inarudi hadi kwa mchungaji wa Kiingereza wa karne ya kumi na nane. Thomas Bayes alifariki mwaka 1761, na miaka miwili baadaye ikachapishwa makala yake juu ya namna ya kurekebisha dhana kwa kadiri ushahidi unavyoongezeka. Agosti 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alichapisha insha, "A Plan for Spam", iliyopendekeza kuitumia kanuni hiyo kuchuja barua. Chujio halikuhitaji kufahamu barua inasema nini. Lilihesabu tu: neno hili limeonekana mara ngapi katika barua taka, na mara ngapi katika barua njema? Neno "dawa" lingeipeleka barua upande wa taka, neno "mjomba" lingeirejesha upande wa wema. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri, na watuma taka wakajibu kwa silaha ileile ya hesabu. Walimwaga maneno ya kawaida ndani ya barua ili mizani ielemee upande wa wema. Mara nyingi maneno hayo waliyaandika kwa rangi nyeupe juu ya weupe, yasionekane na macho ya mtu. Barua zilizokuja na upuuzi mtupu aghalabu zilikuwa ni zile ambazo tangazo lake lilikuwa picha isiyofunguka, au zile ambazo programu ya mtumaji ilikosea. Ilitokea hata amri ya programu, iliyotakiwa kuweka jina la mpokeaji, ikafika yenyewe kama ilivyo.

Upuuzi ule, basi, uliandikiwa msomaji. Msomaji huyo hakuwa mtu. Yalikuwa maandishi ya mashine moja kwa mashine nyingine, na mwanadamu aliyeyasoma alikuwa kama mpita njia anayesikiliza ugomvi wa majirani kwa lugha asiyoijua. Alihisi kwamba maneno hayakupangwa kwa ajili yake, na katika hilo hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba yamepangwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hata namna upuuzi huo ulivyotengenezwa ina nasaba na ushairi. Tarehe 23 Januari 1913 Andrey Markov, mwanahisabati wa Urusi, alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha St Petersburg matokeo ya kazi ya kuchosha: alikuwa amezihesabu kwa mkono herufi 20,000 za mwanzo wa "Eugene Onegin", riwaya ya kishairi ya Pushkin. Irabu zilikuwa 8,638 na konsonanti 11,362. Hakuwa akitafuta siri ya mshairi. Alitaka kuonyesha kwamba herufi inayofuata hutegemea ile iliyotangulia: baada ya konsonanti irabu huwa karibu mno kutokea, na baada ya irabu huwa mbali. Hesabu hiyo ni mfano mashuhuri wa lile linaloitwa sasa mnyororo wa Markov. Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, aliitumia njia hiyo kutunga sentensi za Kiingereza kwa bahati nasibu, kila neno likichaguliwa kwa kulitazama lililo kabla yake. Sentensi zake zilikuwa na mwendo wa lugha bila ya kuwa na la kusema. Zana za watuma taka za miaka ya 2000 zilikuwa wajukuu wa jaribio hilo, na neno la kwanza la kichwa cha jumbe za 1996 ni jina la Markov lenyewe. Hapo kichwa kile chaelekea kueleza zaidi juu ya karakana yalimotoka maandishi kuliko juu ya siri iliyomo ndani yake.

Ikiulizwa kwa nini mtu ajitaabishe kiasi hicho, jibu ni kwamba hapakuwa na taabu. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya California waliingia ndani ya mtambo mmoja wa taka na kuhesabu kilichotokea. Katika siku 26, barua karibu milioni 350 za tangazo la dawa zilizaa mauzo 28 tu. Kazi inayoridhika na mnunuzi mmoja katika barua zaidi ya milioni kumi na mbili haiwezi kuwa na mtu anayelichagua kila neno. Ile hoja kwamba hapana atumaye mamia ya barua bila ya sababu ilikuwa hoja ya zama za wino, zama ambazo kila neno lilimgharimu mwandishi mkono wake.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 1992 Peter Wayner alionyesha kihisabati namna ujumbe wa siri unavyoweza kuvishwa sura ya maandishi mengine yoyote, na kuanzia mwaka 2000 palikuwapo huduma ya intaneti, Spammimic, iliyoligeuza neno fupi kuwa barua ndefu inayofanana kila kitu na barua taka. Ujanja wake umo katika kuigiza kitu ambacho kila mtu hukifuta. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba barua taka haifichi siri abadani. Na penye jambo lisiloweza kukanushwa, shaka huota mizizi.

Namna ya kuipima shaka hiyo iliwekwa na watu wa fani yenyewe. Mwaka 1888 Ignatius Donnelly, mwanasiasa wa Minnesota, alichapisha kitabu kikubwa akidai kuwa ndani ya tamthilia za Shakespeare ameyaona maandishi ya siri ya Francis Bacon. Wafuasi wa dhana hiyo walizidi kuchimba kwa miongo mingi, na kila mmoja akatoka na ujumbe wake. Mwaka 1957 mtu na mkewe, William na Elizebeth Friedman, waliokuwa miongoni mwa wavunja siri hodari wa Marekani, walizipima hoja hizo moja baada ya moja na kuzikataa zote. Hawakusema kwamba siri katika tamthilia ni jambo lisilowezekana. Walisema kwamba ufunguo wa kweli huwapa jibu lilelile watu wawili wasiojuana, na kwamba jibu hilo lazima liwe sentensi yenye maana inayoendelea. Ufunguo unaomruhusu msomaji kuruka herufi apendapo utamfungulia mlango wowote, na nyuma yake atajikuta yeye mwenyewe. Mwezi ule wa al-Khalil haukuwa mwezi wa kuona apendavyo: kisio lake la mwanzo liliweza kuvunjika katika mstari wa pili, na halikuvunjika.

Mtu anayetafuta siri katika kikasha chake cha barua hamdhuru yeyote. Shaka ikishika dola, mambo huwa mengine. Mwanzoni mwa 2001 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba magaidi wanaficha maagizo ndani ya picha za intaneti. Niels Provos na Peter Honeyman wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza kwa programu picha milioni mbili za mnada wa eBay, wala hawakupata ujumbe hata mmoja uliofichwa. Desemba 2003 halikungojwa jaribio kama hilo. Mkandarasi mmoja alidai kwamba programu yake inasoma alama za siri ndani ya matangazo ya Al Jazeera, kituo cha Doha, na kwamba alama hizo zinataja safari za ndege. Majasusi wa Marekani wakaamini, kiwango cha tahadhari kikapandishwa, na katika siku za Krismasi safari za Air France baina ya Paris na Los Angeles zikafutwa. Ni Wafaransa waliotaka jambo hilo lipimwe kitaalamu, na kipimo kikaonyesha kuwa katika picha za Al Jazeera hamkuwa na alama zilizodaiwa. Abiria waliozuiliwa, na kituo kizima cha habari cha Waarabu kilichofanywa kuwa kinywa cha wauaji, walilipia usomaji wa siri ambayo hapana aliyeiandika.

Wakati huohuo siri za kweli zilipita kwa mavazi ya kawaida. Mwaka 2009 kijana aliyepanga kulipua treni za New York aliwaandikia wenzake Pakistan barua pepe kwamba harusi iko tayari. Hapakuwa na neno moja lisiloeleweka katika barua ile; ilikuwa ni habari ya harusi, na aliyetumiwa alijua si harusi.

Washairi waliziokota taka zile kwa mkono mwingine. Katika miaka hiyohiyo ya 2000 wapo waliozikusanya sentensi zilizovunjika, wakazikata, wakazipanga mistari na kuziita mashairi. Katika kazi yao palikuwa na unyofu ambao wavunja siri wa kujitolea waliukosa. Mshairi aliyechagua mstari na kuutupa mwingine alijua kwamba maana inaanzia katika kuchagua kwake, na jina lake akaliweka chini ya shairi. Aliyedai kuifichua siri naye alikuwa akichagua maneno, lakini uchaguzi wake alimtwika mtu asiyekuwapo.

Leo upuuzi wa aina ile umepungua. Machujio yamebadilika, na tangu programu za kutunga lugha zilipoenea baada ya 2022 taka inaweza kuja kwa sentensi nyofu na salamu za adabu. Jumbe za Agosti 1996 zimebaki zilivyo, bila ya ufumbuzi uliokubaliwa. Lakini Juni 1944, kila sentensi isiyoeleweka iliposomwa London, palikuwa na watu katika mashamba ya Ufaransa waliokaa kimya mbele ya redio wakiingojea. Kwa maneno ya 1996 wamejitokeza wafumbuzi wengi, na katika miaka yote hiyo hajatokea hata mmoja aliyekuwa akiyangojea.